Paka waliovaa nyuki: agizo la wanasesere 48 lililobuniwa upya katikati ya kazi

Kisa hiki ni cha kikundi cha wanawake sita wanaofuma kroshia katika mji mmoja wa nyanda za juu, kaskazini mwa Tanzania. Walipokea agizo la paka wadogo wa kufuma waliovalishwa kama wadudu wa bustanini. Walianza kazi, wakasimama njiani, wakabuni upya, na wakamaliza kwa kuchelewa. Majina, mji na duka nimeviondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi hufundisha vikundi vya ufumaji. Mwenyekiti aliniita walipofika paka wa kumi na mmoja, na kuanzia hapo nilikuwa nao mpaka mwisho.

Nakiandika kwa sababu vikundi vingi vinahama kutoka vitambaa vya makochi kwenda wanasesere vikidhani ni kazi ileile kwa mkono uleule. Paka mwenyewe hana taabu. Nguo yake ndiyo inayokula saa, ndiyo inayong'oka, na ndiyo inayoweza kumkaba mtoto kooni.

## Usuli

Wanachama walikutana kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, cha mtaani kwao. Wanne ni wa makamo, wamefuma tangu usichana: vitambaa vya makochi, vya meza, sweta na soksi za watoto wachanga. Wawili ni mabinti waliojifunza kwa video za simu, na mdogo zaidi kati yao alikuwa ameshafuma twiga na tembo kadhaa kwa majirani. Kitambaa cha kochi hakitafutwi tena kama zamani, kwa hiyo kikundi kilikuwa kinatafuta bidhaa nyingine.

Wanasesere wa namna hii hufumwa kwa mtindo uliotoka Japani, amigurumi. Unaanza na pete ya uzi yenye vitanzi sita, kisha unaongeza sita kila duru: 12, 18, 24, 30, 36. Ukiendelea kuongeza sita unapata duara bapa. Ukiacha kuongeza, ukuta unasimama. Ukipunguza, mdomo unafunga. Duru haifungwi, inazunguka mfululizo, na alama ya uzi wa rangi nyingine huwekwa penye kitanzi cha kwanza ili hesabu isipotee. Sindano huwa ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi, maana vitanzi visipobana, pamba ya ndani inachungulia.

Hapo ndipo tofauti na vitambaa inapoanzia. Mama aliyefuma vitambaa miaka ishirini ana mkono mlegevu kwa makusudi. Uzuri wa kitambaa ni mianya yake. Kumwambia abane ni kumwomba asahau jambo ambalo mkono wake umelishika kabisa.

## Agizo na sampuli

Mnunuzi ni dada mwenye duka dogo la zawadi karibu na shamba la kahawa linalopokea wageni. Wageni hutembezwa kati ya migomba na mibuni, huonyeshwa mizinga ya nyuki, hunywa kahawa, kisha hupitia dukani. Wengi huja na watoto. Alikuja na picha kwenye simu: paka wa kijivu aliyevaa kofia na fulana ya nyuki.

"Shikamoo mama. Nataka kama huyu, lakini wadudu wawe wa shambani kwetu, mtoto akitoka kutembea amkute dukani yule aliyemwona kwenye maua."

"Marahaba mwanangu. Wadudu gani?"

Alitaja nyuki, mdudu kibibi, kipepeo, kereng'ende na buibui. Mmoja wa wanachama, ambaye aliwahi kufundisha shule ya msingi, alimwondoa buibui palepale: ana miguu minane, si mdudu, na watoto wanaokuja na wazazi wao kujifunza watalijua hilo. Nilipoelezwa mazungumzo hayo nilifurahi sana. Kikundi kinachojali miguu ya buibui kinaweza kufundishwa mengine yote.

Walikubaliana paka 48, 12 wa kila mdudu, urefu wa sentimita 15, kwa wiki sita, kabla ya wageni wa katikati ya mwaka kuanza kuja. Bei ilikuwa Sh 15,000 kwa paka mmoja. Nusu ya fedha yote, yaani Sh 360,000, ilitolewa kama malipo ya awali, na kikundi kikaenda kununua uzi.

Sampuli ilifumwa na binti mdogo kwa maelekezo aliyoyapakua mtandaoni. Ilikuwa nzuri kwelikweli. Paka alikuwa uchi kwanza, kisha akavalishwa: kofia ya manjano yenye vipapasio viwili vilivyotiwa waya mwembamba ndani ili visimame, fulana ya mistari, na mabawa meupe yaliyofungwa kifuani kwa kamba ya utepe. Macho yalikuwa ya plastiki nyeusi ya milimita 8, yale yenye msumari unaopita ndani na kibano kinachosukumwa kwa nyuma. Mtoto angeweza kumvua na kumvalisha. Mnunuzi aliiona kwa picha, akaikubali.

Bei, hata hivyo, ilikuwa imepangwa kabla ya sampuli kumalizika. Mwenyekiti alikadiria saa za kufuma mwili wa paka, akaongeza uzi na kitu kidogo cha juu. Saa za nguo hazikuingia kwenye hesabu, kwa kuwa katika sweta za watoto kikundi kilizoea kuhesabu nguo tu, na hapa nguo ilionekana ndogo mno kuhesabiwa.

## Wiki mbili za kwanza

Kila mmoja alipewa paka kamili wa kufuma, kuanzia mkia mpaka vipapasio. Walipokusanyika mwisho wa wiki ya pili, paka kumi na mmoja walikuwa mezani, na hapakuwa na wawili waliofanana. Mfupi alikuwa na sentimita 13, mrefu alikaribia 18. Wote walitumia sindano ya ukubwa mmoja na uzi wa unene mmoja; mikono ndiyo iliyotofautiana. Kofia ya paka mmoja haikuingia kichwani kwa mwingine, na fulana zilizofumwa tayari kwa wingi zilibaki bila mtu wa kuzivaa.

Mabawa yalikuwa na kasoro yake. Maelekezo yalikuwa ya Kimarekani, na mama aliyefundishwa na masista alisoma vifupisho kwa mazoea ya Uingereza. Mifumo hiyo miwili huita vitanzi tofauti kwa jina moja: jina lilelile ni la kitanzi kirefu Marekani na la kitanzi kifupi Uingereza. Mabawa yake yalitoka nusu ya urefu uliotakiwa, magumu kama ukingo wa kofia. Alikuwa amefuata maelekezo neno kwa neno, na ilichukua muda mtu kugundua kwamba makosa hayakuwa yake.

Tatizo zito lilijitokeza siku hiyohiyo. Mjukuu wa mmoja wao, wa mwaka mmoja na nusu, alichukua mdudu kibibi kutoka mezani na kumtia mdomoni kama watoto wa umri huo wanavyofanya kwa kila kitu. Bibi yake alipomnyang'anya, kipapasio kimoja hakikuwepo kichwani. Kilikuwa kwenye ufizi wa mtoto, na ncha ya waya imetokeza. Hakuumia. Kazi ilisimamishwa palepale, na jioni hiyo nikapigiwa simu.

## Uamuzi

Tulikaa kesho yake, mnunuzi akiwepo. Mapendekezo yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa kuendelea kama kawaida na kuweka kikaratasi kinachosema mwanasesere hafai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mnunuzi aliliunga mkono mwanzoni, na si yeye peke yake. Vikaratasi hivyo vipo kila mahali. Niliwaeleza jinsi nchi zenye sheria kali za vitu vya kuchezea zinavyolitazama jambo hili. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya Maelekezo ya mwaka 2009 ya usalama wa vitu vya kuchezea na kiwango cha EN 71, mwanasesere laini aliyejazwa pamba, wa kukumbatiwa, huhesabiwa kuwa wa mtoto mdogo hata muuzaji aandike nini. Kikaratasi hakiwezi kukana umbo la kitu chenyewe. Duka hili lilikuwa Tanzania na sheria ile haikulihusu, lakini hoja yake ni ya kweli popote: mama anayenunua paka laini wa sentimita 15 anamnunulia mtoto anayetambaa.

La pili lilikuwa kurudisha malipo ya awali. Haikuwezekana, sehemu kubwa ilikuwa imeshageuka uzi.

La tatu lilikuwa kubuni upya: macho ya kudarizi badala ya plastiki, hakuna waya, hakuna utepe wa kufunga, na vazi liwe sehemu ya mwili wa paka badala ya nguo ya kuvua. Mnunuzi alisikitika. Kuvua na kuvalisha ndiko kulikompendeza kwenye picha. Mwenyekiti hakumbembeleza. Alimwonyesha kile kipapasio chenye waya, akamwuliza: "Huyu ungempa mwanao?" Dada yule alikubali.

Palikuwa na mabishano kuhusu wale kumi na mmoja waliokwisha kufumwa. Mama mmoja alipendekeza wauzwe gulioni kwa bei ya chini, fedha irudi. Ni mtu mwema na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kulikuwa na zaidi ya saa mia za kazi pale mezani. Jibu la mwenyekiti nimelirudia kwenye mafunzo mengi tangu siku ile: "Koo la mtoto wa gulioni na koo la mtoto wa mgeni ni moja." Paka wote walifumuliwa. Vibano vya macho vilikatwa kwa koleo, uzi ukazungushwa upya.

## Paka wa pili

Hapa ndipo kazi ilipokuwa na utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lengo lilikuwa kupunguza vipande vya kushonea. Paka wa muundo wa kwanza alikuwa na vipande vingi: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, masikio, mkia, kofia, vipapasio, fulana, mabawa. Kila kipande kinachoshonewa ni dakika kadhaa za sindano na ni mahali pa kung'oka. Binti mdogo ndiye aliyebuni njia. Alianza na miguu: mmoja, akakata uzi, wa pili, kisha akaiunganisha kwa kuzunguka yote miwili na kupanda na kiwiliwili. Alipofika mabegani aliingiza mikono iliyokwisha kufumwa kwa kupitisha sindano kwenye tabaka zote mbili, akapunguza kwa ajili ya shingo, akaongeza tena, na kichwa kikaendelea bila kukata. Masikio na mkia aliviinua kutoka kwenye vitanzi vya mwili wenyewe.

Mistari ya nyuki ikawa rangi ya kiwiliwili: duru mbili za manjano, mbili nyeusi. Rangi hubadilishwa kwenye mvuto wa mwisho wa kitanzi kinachotangulia, si kwenye kitanzi kipya, vinginevyo doa la rangi ya zamani linabaki. Kwa kuwa duru hazifungwi, mistari huacha ngazi ndogo mahali pa kubadilishia. Walihakikisha ngazi hiyo inaangukia mgongoni, mabawa yaifiche. Mashavu yalifumwa kwa rangi ya paka, na kuanzia juu ya macho rangi ikawa ya mdudu hadi utosini. Ukimtazama unaona paka aliyevaa kofia, ilhali hakuna kofia. Masikio yalichomoza kwenye hiyo kofia kwa rangi ya paka, na kati yake vipapasio vifupi vinene, vilivyoinuliwa kutoka kitambaa chenyewe cha kichwa.

Yule mwanachama aliyewahi kuwa mwalimu alikuja na swali la miguu. Mdudu ana sita. Paka ana minne. Wengine waliona ni jambo dogo. Yeye alisema mtoto ametoka kuambiwa shambani ahesabu miguu ya nyuki, halafu dukani anahesabu minne. Waliongeza vijiguu viwili vifupi ubavuni, vitanzi vitatu kila kimoja. Naona ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya kisanii katika kazi ile, maana ndio uliomfanya paka awe mdudu kweli. Mistari peke yake ingempa rangi tu.

Kuhusu mdudu kibibi sikukubaliana nao. Yule mwekundu wa madoa saba tunayemwona kwenye picha za vitabu ni wa Ulaya na Asia. Kwetu mmoja wa wanaoonekana sana bustanini ni Cheilomenes lunata, mwenye mabaka mekundu au ya machungwa yaliyogawanywa na mistari myeusi, na ni rafiki wa mkulima kwa kuwa hula vidukari. Mabaka yale yangefumika kwa kubadilisha rangi tu. Mnunuzi alisisitiza madoa, kwa hoja kwamba wageni wanayatambua. Madoa yalidariziwa. Bado naamini tuliikosa nafasi.

Kereng'ende aliondolewa. Mabawa yake ni manne, marefu na membamba, na bila waya yananing'inia. Walijaribu kufuma tabaka mbili, yakawa mazito na paka akaanguka chali. Nafasi yake alipewa kiwavi, ambaye hataki mabawa: kiwiliwili kirefu kidogo, chenye pingili zinazopatikana kwa kuongeza sita na kupunguza sita kwa zamu. Ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote.

Kazi nayo iligawanywa upya. Badala ya kila mtu paka wake, kila mtu alipewa sehemu. Wenye mkono wa kubana, mabinti wawili na mama wa sweta, walifuma miili. Wenye mkono mlegevu walipewa mabawa na mikono ya paka, wakitumia sindano ndogo zaidi, yenye milimita 2.5. Mama mmoja kati yao alijaza pamba pia na kuinua masikio. Nyuso zote zilidariziwa na mwenyekiti peke yake, kwa sababu uso ndio mtoto anaoutazama, na nyuso za mikono sita zinaonekana ni za mikono sita.

Kuhusu pamba: mwanzoni walijaza sufi, kwa kuwa msufi upo na ni nafuu. Sufi ni nyepesi na laini, lakini hujikusanya mabonge, na vipande vya mbegu hubaki humo hata ukichambua. Walihamia pamba ya polista, ile ya mito. Uzi mwekundu wa pamba wa bei rahisi nao uliachwa baada ya paka mmoja kufuliwa kwenye beseni na tumbo lake la rangi ya maziwa kutoka la waridi. Walichukua wa akriliki, na wakanunua wote siku moja, kutoka loti moja ya rangi, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja.

## Majaribio

Hatukuwa na maabara. Tulichukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama, tukabana paka kwa mkono mmoja na kuvuta kila kipande kwa ndoano. Kiwango cha EN 71 kinataka sehemu inayoshikika, yenye upana unaozidi milimita 6, ivumilie nguvu ya niutoni 90, ambayo ni takriban kilo 9, kwa sekunde 10. Mishono ya mwanasesere laini, niutoni 70. Tulivuta hadi kilo 9 kwa kila kitu.

Vipapasio vya awali viling'oka kabla mizani haijafika kilo 3. Vile vilivyoinuliwa kutoka kichwani vilirefuka, vikapinda, vikabaki. Bawa la kipepeo lililoshonewa kwa uzi wa kawaida lilitoka. Lile lililofumwa moja kwa moja kwenye safu mbili za vitanzi vya mgongo lilibaki.

Kwa ukubwa wa sehemu, Marekani hutumia silinda ya kipenyo cha milimita 31.7: kitu kinachoingia chote humo kinahesabiwa ni kidogo kiasi cha kuziba koo la mtoto. Sisi tulitumia bomba la karatasi ya chooni, ambalo ni pana zaidi ya hapo, kwa hiyo kila kilichoshindwa kuingia kwetu kisingeingia kwenye silinda halisi. Jicho la plastiki lilipita likagonga meza. Sauti ile ilimaliza ubishi uliokuwa umebaki.

Napenda isomwe vizuri: majaribio ya mezani hayatoi cheti. Yanamwambia mfumaji ni wapi bidhaa yake ni dhaifu, hayo tu. Mnunuzi alipouliza kama angeweza kupeleka kumi kwa rafiki mwenye duka Ujerumani, kikundi kilikataa, kwa kuwa kuuza kule kunataka alama ya CE, ya kukidhi masharti ya usalama ya Ulaya, na majalada ya vipimo, ikiwemo kuungua na kemikali za rangi, na hawakuwa navyo.

## Matokeo

Siku ya makubaliano, paka 36 walikuwa tayari: nyuki 12, kiwavi 12, mdudu kibibi 12. Vipepeo vilichelewa wiki tatu. Mwenyekiti alikwenda kwa mnunuzi mapema, siku kumi kabla, akamweleza, na akaomba paka 12 waliobaki walipwe Sh 18,000. Alimwonyesha daftari la saa. Mnunuzi alikubali. Jumla ikawa Sh 756,000 badala ya 720,000.

Daftari lenyewe linaeleza zaidi. Paka wa muundo wa kwanza alitumia saa kumi: nne za mwili, tatu na nusu za nguo, mbili na nusu za kushonea. Vifaa vilikuwa Sh 4,200, kwa hiyo saa moja ya mfumaji ililipwa Sh 1,080. Paka wa muundo wa pili alitumia saa sita na nusu na vifaa vya Sh 3,900. Kwa bei ileile ya 15,000 saa moja ilikuwa Sh 1,700, na kwa 18,000 karibu 2,170. Bei mpya ilisaidia, ila muundo ulisaidia mapema zaidi na kwa paka wengi zaidi. Saa za wale kumi na mmoja waliofumuliwa hazikulipwa na mtu, na kikundi kilizigawana sawa.

Dukani, nyuki walimalizika kwanza. Vipepeo na viwavi vilianza kununuliwa kwa jozi, kwa sababu mwongoza wageni alikuwa akiwaeleza watoto shambani kwamba huyu huwa yule. Hilo hatukulipanga; tulikuwa tumemtafuta tu mdudu asiye na mabawa.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichookoa kazi ni kusimama mapema. Paka kumi na mmoja ni hasara inayouma lakini inabebeka. Wangefika thelathini, nguvu ya kufumua isingekuwepo, na mawazo ya gulio yangeshinda. Kwa vikundi ninavyofundisha sasa naweka sharti: paka watatu wa kwanza wa kila muundo wanavutwa kwenye mizani na kufuliwa kabla ya wa nne kuanza.

Kumgawia kila mtu sehemu kulileta ufanano ambao maonyo ya "bana, bana" yasingeleta. Mkono wa mtu haubadilishwi kwa wiki sita. Kazi inaweza kupangwa kuufuata. Kuna gharama yake, na wanachama waliisema wazi: aliyefuma mabawa mwezi mzima hakuwahi kumshika paka wake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na furaha ya kazi ilipungua. Sasa kila mwisho wa agizo mtu anafuma mmoja wake, kamili, anaondoka naye nyumbani.

Sampuli iliidhinishwa kwa picha, na hilo naliona kosa la msingi la pande zote mbili. Picha haivutiki wala haifuliki. Mnunuzi angemshika yule paka mkononi angeuona waya.

Bei kabla ya sampuli ni kosa la pili, na linajirudia kila mahali kwa sababu mteja akiwa amesimama mlangoni ni vigumu kumwambia asubiri. Mwenyekiti sasa hutaja bei ya "kuanzia" na kumwomba mteja arudi baada ya siku tatu. Wengine hawarudi.

Mabawa ya kipepeo hayajapata ufumbuzi. Hayang'oki, lakini baada ya kufuliwa yanalegea na kuangukia mabegani. Kufuma tabaka mbili kunayasaidia kwa muda. Binti mdogo anajaribu kufuma ukingo wa duru moja ya vitanzi vilivyobana kwa uzi mwembamba wa pamba, na majaribio ya awali yanatia moyo.

Na kuna jambo lililoonekana baadaye, mnunuzi alipoleta agizo la pili. Mwenyekiti alikuwa amesafiri kumuuguza mama yake, na nyuso zilidariziwa na mwingine. Paka walikuwa salama, wa kipimo, wa rangi ileile, lakini walitazama kwa namna nyingine, macho karibukaribu, na mnunuzi aliliona hilo kabla hajauliza lolote. Muundo mzima ulikuwa umeandikwa duru kwa duru isipokuwa uso. Aliporudi walimkalisha, wakahesabu kwenye paka wake mmoja wa zamani: macho yako duru ya nne juu ya shingo, vitanzi saba katikati, kila jicho limezungushiwa uzi mara tano kwenye kitanzi kilekile, na pua iko duru moja chini, imelazwa vitanzi viwili. Imeandikwa sasa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.